Raba ya Kushoto

Mlinzi wa gati hakuwa na meno mawili ya mbele, hakuwa na simu ya kazini, na hakuwa na kiti chenye miguu minne iliyo sawa. Hakuwa na mke tangu mwaka juzi. Hakuwa na king'ora kinacholia. Vingine vyote vilivyotajwa kwenye mkataba wake alikuwa navyo: kibanda, filimbi, jaketi okozi kumi na tisa, daftari, na rafu ndefu ya mbao ya kuwekea viatu.

Gati lilikuwa la umma. Yeyote aliyetaka kuvua, kupiga makasia, au kuelea tu juu ya mpira wa ndani wa tairi la lori aliruhusiwa kushukia mtoni pale. Alitakiwa mambo mawili: avae jaketi, na aache kiatu cha kushoto. Utaratibu wa viatu aliubuni mlinzi mwenyewe, baada ya kuona kwamba watu hutoka majini na kwenda zao bila kusaini daftari. Mtu anaweza kusahau kusaini, alisema, lakini hawezi kusahau kwamba anachechemea. Jioni rafu ikiwa tupu, mto nao ni mtupu. Juu ya rafu alibandika sharti, kwa herufi nadhifu alizojifunza shule ya jioni: KIATU HUTOLEWA KWA MWENYEWE TU.

Mwendo wa nusu saa kuelekea juu ya mto kulikuwa na bwawa. Milango ya bwawa ikifunguliwa, maji pale gatini hupanda futi sita kabla chai haijapoa. King'ora kilichofungwa kwenye nguzo kilitakiwa kulia robo saa mapema. Kilikuwa kimya mwaka mzima, na ndege walikuwa wamekijaza nyasi. Jumamosi moja mke wa mlinzi alikuja na mshipi wake wa kuvulia, akakitazama, akauliza kama kimetengenezwa.

"Nimeshaandika barua," mlinzi akamwambia.

Mkewe alijua barua za mumewe zilivyo: kumbukumbu namba, kichwa kilichopigiwa mstari, aya zenye namba. Akaridhika. Akavua raba ya kushoto, ya kitambaa cha buluu, akaingia mtumbwini. Alipatikana siku ya tatu kwenye matete, jaketi limefungwa vizuri, raba ya kulia mguuni.

Ndugu walikuja kuichukua ya kushoto ili azikwe na zote mbili. Mlinzi akawaonyesha sharti lililobandikwa ukutani. Mwenyewe hakuwa amekuja kuidai. Wakaondoka wakisema ana moyo wa jiwe. Yeye hakujiona kuwa na moyo wa aina yoyote.

Wiki ya sita, saa tisa alasiri, raba ilijaa maji. Mlinzi aliyamwaga nje, akaianika juani. Robo saa baadaye mto ulipanda. Siku nne zikapita, ikajaa tena, na safari hii ndani yake mlikuwa na samaki hai, mdogo kama kidole. Akamrudisha mtoni. Mto ukapanda. Mara ya tatu hakungoja. Alipuliza filimbi mpaka watu wote wakawa nchi kavu, kila mmoja kwa mguu mmoja akitafuta kiatu chake, na maji yakapita mbele yao yakiwa yamebeba magogo.

Hakuna aliyeshangaa. Shemeji yake, mvuvi, kaka wa marehemu, alisema jambo hilo lilitarajiwa.

"Dada hakujua kukaa na habari," alisema. "Ukimwambia jambo asubuhi, mchana mtaa mzima unalo."

Tangu hapo wavuvi hawakuuliza tena hali ya hewa. Walimwamkia mzee, wakauliza kiatu kinasemaje, na mlinzi akawajibu ni kikavu, au si kikavu, kama alivyokikuta. Mwaka mmoja na miezi miwili ulipita bila mtu kuzama.

Kilichomkaa mlinzi rohoni ni ile zamu ya mkewe. Mtu amefanya kazi maisha yake yote, amekufa, na bado yuko kazini kila siku hata sikukuu. Tena soli ilikuwa imeanza kuachia. Siku moja raba isingeweza kushika maji, na siku hiyo mto ungepanda bila neno. King'ora kikitengenezwa, alifikiri, ataipeleka raba kaburini, hata kama ni kinyume cha sharti lake mwenyewe. Akayaandika hayo yote kwa ofisi iliyomwajiri, la soli akaliweka aya ya nne.

Wakaja maofisa wawili. Walikaa kibandani siku mbili wakitazama raba. Siku ya pili ilijaa mbele ya macho yao. Mmoja aliandika saa, mwingine akapima kina kwa rula. Waliuliza saizi, mlinzi akawaambia thelathini na nane. Waliuliza kama ya kulia nayo hujaa. Akawaambia ya kulia imezikwa pamoja na mwenyewe. Wakaandika: haipo.

Jibu lilichukua miezi miwili. Ofisi ilikuwa imeridhika kwamba tahadhari iliyopo inatosha, kwa hiyo suala la king'ora limefungwa. Raba imeingizwa kwenye orodha ya mali za ofisi, na haitaondolewa rafuni bila kibali. Ndani ya bahasha mlikuwa na kibati chenye namba na skrubu mbili.

Shemeji aliisoma barua mara mbili.

"Basi dada ameajiriwa," alisema. "Mimi nimeomba kazi kwao miaka saba."

Mlinzi alikifunga kibati kwenye ubao wa rafu, chini ya raba, skrubu zote mbili, akaketi kuandika barua ya ishirini na tatu. Alikuwa kwenye aya ya tano mama mmoja alipofika amekumbatia mpira wa tairi. Aliitazama nguzo, akauliza kama king'ora kinafanya kazi.

Mlinzi aliweka kalamu chini.

"Hakifanyi," alisema. "Usiende mbali. Ukisikia filimbi, toka."

Yule mama akavaa jaketi, akaacha kandambili yake kando ya raba, akashuka majini.

Mlinzi alimaliza aya ya sita na kutia sahihi. Kisha akatoa gundi ya kuzibia mipira, iliyobaki kidogo mkiani mwa tyubu, akaipaka kwenye soli na kuibana kwa jiwe. Iliyobaki kidoleni akaipaka mdomo wa bahasha, akaukandamiza kwa kiganja mpaka ukashika.

Shemeji, aliyekuwa anapita posta kununua ndoano, aliuliza safari hii ameandika nini.

"Yale yale," mlinzi alisema. "Ila nimemwombea likizo."

Shemeji akaitia barua mfukoni mwa shati, akafunga kifungo, akapanda baiskeli, akaenda nayo.