Betri Haiingii Kwenye Barafu

Betri mbili za kwanza za droni zilipoharibika, aliyelaumiwa ni mimi. Bwana Sattar aliziweka juu ya meza dukani kwake, tunapokodiwa kupiga picha za harusi, moja imetuna kama andazi, ya pili vibati vyake vya shaba vimefanya kutu ya kijani. Akaniuliza nilikuwa nazichaji vipi.

"Sawasawa," nikamwambia. "Lakini Owais akiwa harusini huzitia kwenye barafu zipoe upesi. Maji yanaingia."

Owais ni mpwa wake, ndiye anayerusha. Alikuwa amesimama mlangoni, akacheka.

"Owais ana leseni," akasema Bwana Sattar. "Wewe umeishia darasa la nane. Mtu mwenye leseni atie betri kwenye barafu? Zinakuja mbili mpya. Zikiharibika na hizo, Mbodze, utafute kazi kwengine. Na kila mwenye duka hapa Mji wa Kale nitamwambia kwa nini."

Hilo la pili ndilo lililoniuma. Kazi hupatikana, lakini nikishaitwa mharibifu kuanzia Ngome ya Yesu mpaka sokoni, nani ataniweka?

Zikaja Jumatatu. Betri mpya huja imelala. Ukibonyeza haiwaki taa hata moja, mpaka uitie chaji ndipo inaamka. Kikaratasi chake kilikuwa cha Kiingereza, herufi ndogo ndogo. Nikakisoma kwa kidole, neno moja moja, palipo na picha nikatazama picha. Nikaelewa kwamba mwanzo haitaki papara. Ijae, iruke taratibu, ishuke kabla haijaisha, ipumzike mpaka ipoe, ndipo irudi kwenye chaja. Na isilale imejaa siku nyingi kwa joto letu hili; ikiwa haina kazi, ibakie nusu.

Basi kila asubuhi nilimpandisha Owais darini juu ya duka. Yeye kwenye kiti cha plastiki, rimoti mapajani, droni ikining'inia kimo cha kifua, haendi nayo popote. Mimi macho kwenye kioo cha rimoti. Chaji ikifika asilimia arobaini namwambia teremsha. Naichomoa, naiweka ndani ya mkono wangu, hapa penye mshipa, kama mtu anavyopima maziwa ya mtoto. Ikichoma, haiendi kwenye chaja.

"Dada Mbodze," akaniambia siku ya tatu, "hawa watoto wako hawajatimiza arobaini watolewe nje?"

"Bado."

"Unawaficha nani?"

"Wewe. Mwenye jicho baya ni wewe."

Akacheka, lakini siku ya nne alikuja amechelewa, na ya tano nikamfuata kwao kumwamsha. Betri zote mbili nilizipaka rangi ya kucha, moja doa moja, ya pili madoa mawili, nijue ipi imefanya nini. Kufikia Ijumaa zilikuwa hazina hata dalili ya kuvimba.

Jumamosi tukawa na harusi Tudor, kwenye nyumba iliyo kando ya mkono wa bahari. Aliyetukodi ni Bi Hajra, bibi yake bi harusi. Bwana Sattar akaingia ndani kwa wanaume na kamera kubwa, sisi tukabaki uani. Owais akarusha kwa betri ya kwanza bwana harusi alipowasili, kwa ya pili wakati wa nikaha, akaizungusha droni juu ya maji na paa za nyumba mpaka rimoti ikaanza kulia. Zote mbili zikashuka za moto. Nikaweka ya doa moja kwenye chaja, taa ikawa nyekundu, ikakataa.

Hapo Bi Hajra akatoka. "Haya, ile picha ya wote sasa. Nawapanga jamaa zote hapa uani, watoto mbele, mtupige kutoka juu."

"Sasa hivi, Bi Hajra," akasema Owais. Akaichomoa ya doa moja kwenye chaja na kuelekea moja kwa moja kwenye beseni la soda. Vipande vya barafu vilikuwa vikubwa kama matofali.

Nilifika kabla yake. Nikaishika ile betri, naye hakuiachia.

"Toa."

"Sitoi."

"Wewe, watu wanatutazama!"

"Na watazame. Wewe watia nini humo?"

Nikaivuta, ikatoka. Nikaitia sandukuni pamoja na mwenzake, nikafunga, nikakaa juu yake. Sikuijali hata sketi.

Bi Hajra akanijia. "Mwanangu, una nini? Wageni wamesimama juani."

"Bi Hajra, nisamehe. Zina joto. Naomba saa nzima, zipoe na zishike chaji. Ikitiwa barafu huingia maji, na ikiingia maji inaweza kuzimika ikiwa juu. Na chini yake umewapanga watoto."

"Anajifanya injinia," akasema Owais. "Kusoma hajasoma, yeye ni wa kufagia tu." Akamwita mjomba wake.

Bwana Sattar akatoka na kamera begani, jasho linamtiririka. "Kuna nini tena?"

"Muulize alitaka kuitia wapi," nikasema.

Aliyejibu ni Mzee Dzoro, yule anayegawa soda kwenye harusi, amesimama na kifungulio chake cha chupa. "Aa, leo hamtii?" akauliza, tena kwa wema kabisa. "Kwenye harusi ya Kizingo si huyu aliitia humu humu, katikati ya Fanta? Nikamwambia, bwana mdogo, utaninyweshea watu betri!"

Watu wakacheka. Owais akatazama viatu vyake. Bwana Sattar akamtazama Owais, kisha akanitazama mimi, na nilidhani yamekwisha. Hayakwisha.

"Sawa," akasema kwa sauti ya chini. "Hayo ya dukani. Sasa mteja anangoja. Inuka, Mbodze, mpe, afanye anavyojua. Mara moja tu."

"Siinuki."

"Nakwambia mimi, si yeye."

"Nimesikia, Bosi. Siinuki."

"Basi kazi umeimaliza leo."

"Nimeimaliza. Lakini hii itapoa kwanza, halafu nitakuachia funguo za duka."

Nilijua napoteza mshahara na jina, na sikuweza kuinuka. Ingeanguka, ingeanguka kwa mkono wangu.

Bi Hajra akageuka kutazama wale watoto, mmoja wao amekaa chini anacheza na changarawe.

"Sattar," akasema, "wale ni wajukuu zangu. Huyu msichana amesema saa nzima. Tutakula sambusa kwanza." Akapiga makofi. "Haya, ndani nyote! Jua litatungoja."

Nikaziweka betri kivulini, kwenye sakafu baridi, nikazipepea kwa kadi ya mwaliko. Nilipoijaribu ile ya doa moja mkononi haikuchoma tena. Chaja ikawasha taa ya kijani, ikaipokea. Ilipotimia ile saa nzima Owais akarusha, watoto wakapunga mikono, na chaji ilipofika asilimia thelathini nikasema teremsha. Akateremsha.

Tulipokuwa tunakunja nyaya, Bwana Sattar akaja. "Jumatatu uje saa mbili."

"Nitakuja," nikasema. "Ila useme kwanza, hapa mbele ya Owais. Zile mbili nani aliziharibu?"

Akaiviringisha waya mkononi, akaifungua, akaiviringisha tena. "Si wewe," akaiambia waya.

"Sikusikia, Bosi."

Mzee Dzoro aliacha kukusanya chupa.

"Si wewe, Mbodze. Ni Owais." Akaikunja waya mara ya tatu. "Na mimi sikukusikiliza."

Nikainua sanduku, nikalitia kwenye tuktuk.