Cheti cha Mwau

Kitu cha kwanza Kasiva alichoona ni mchanga. Alikuwa akichomeka chaja jikoni mwa hoteli anakooshea vyombo, pale Kambu, na simu ikakataa moto. Akaigonga kiganjani. Ukamwagika mchanga wa mto, ukiwa bado na unyevu. Akaufagia, akarudi kwa masufuria.

Wiki hiyo Mwau alikuwa amezikwa. Alisimama mtoni mbele ya lori la kuzoa mchanga, akanyoosha mkono kulizuia, likamkanyaga. Kasiva ndiye aliyerekodi, akiwa kichakani, na hakumwambia mtu. Alituma video kwenye kikundi cha kanisa kwa laini aliyoivunja baadaye na kuitupa chooni.

Video ikatembea hadi Kanyangi. Kila ilipochezwa, Mwau alitoka kwenye kioo cha simu akafa upya sakafuni. Watu wakachoka kumpigia mamake aje amchukue, wakaifuta. Mamake, Mutanu, akabaki nayo. Akaipeleka kortini.

Hakimu akaagiza ichezwe. Mwau akatoka na shati lake la kijani, akasimama katikati ya mabenchi, akatazama kando, akacheka kidogo. Kisha akanyoosha mkono.

"Leo hampiti."

Mifupa ikasikika. Karani akainua miguu viatu visichafuke.

"Sikuona vizuri," hakimu akasema. "Rudia."

Ikarudiwa. Askari wakambeba Mwau wa pili hadi varanda, wakamlaza kando ya wa kwanza. Mutanu akavua leso yake. Ilitosha mmoja tu.

Mshtakiwa alikuwa Nyamai, mwenye lori, aliyekuwa akiliendesha mwenyewe siku ile. Wakili wake akasimama.

"Mheshimiwa, huyu ni kitu kilichotoka kwa mashine. Sheria inataka cheti chenye sahihi ya aliyerekodi. Bila hicho, hapa hajafa mtu."

"Na hao walioko varanda?" kiongozi wa mashtaka akauliza.

"Hao ni nakala."

Hakimu akauliza aliyerekodi yuko wapi. Wakili akageuka, akatazama watu benchi kwa benchi.

"Ajitokeze tumwone. Kuna sheria ya makosa ya kompyuta. Kusambaza video kama hii, mtu anaweza kulala jela."

Kasiva alikuwa benchi la nyuma. Shule aliiacha darasa la tano, na hakujua kwamba kompyuta zina sheria zake. Lakini jela alijua ni nini. Akaisukuma simu chini ya leso. Nyamai, mbele yake, alikuwa akitafuna jojo polepole.

Kesi ikatupwa kabla ya chakula cha mchana. Nyamai alipotoka, aliwaruka akina Mwau wote wawili, akiangalia sana asiwakanyage.

"Pole, mama," akasema, akaenda kuwasha lori.

Kasiva akavua leso yake, akamfunika wa pili. Mutanu alikuwa amechuchumaa, akimpangusa mwanawe uso kwa kidole kilicholowa mate.

"Mwiitu, binti yangu, hii video nimeiona hadi macho yanauma," akasema. "Kabla anyooshe mkono, anaangalia kando anacheka. Lori liko hapo, na yeye anacheka! Sasa alikuwa anamchekea nani?"

Barabarani lori lilikuwa likikata kona kuelekea mtoni, tupu, vyuma vikigongana.

"Mimi, mwaitu," Kasiva akamjibu mama huyo. "Alikuwa ananichekea mimi."