Kambale Aliyepanda Mlima Akiwa Hai

"Samaki yule alimnunua," alisema Severina. "Na nitasema hivyo hivyo hata mbele ya padri."

"Ulimwona akinunua?"

"Sikumwona. Kwani wewe ulimwona akivua?"

Hapo alinikamata. Tulikuwa uani kwake Chilangala. Nilikuwa nimemletea gauni nililomshonea, na badala ya kulijaribu alilitupia begani akawa anabishana. Majirani walikuwa wameshasogea kwenye ua, maana Severina akibishana hanong'oni.

"Mama Stefano," nikamwambia, "Basil amekulia Chiungutwa, kule Masasi. Wajomba zake wanavua mto Ruvuma tangu yeye hajaota meno."

"Basi mbona kila akitoka ziwani Kitangari analeta samaki mkavu? Mkavu anauzwa sokoni Masasi. Hata mimi nikipanda lori leo, kesho narudi mvuvi."

"Anamkausha kule kule kwa moshi asioze njiani. Ulitaka apande mlima na samaki mbichi kwenye jua hili?"

"Nataka amlete akiwa hai," alisema Severina, na wale wa kwenye ua wakacheka. "Akifika hapa anapumua, maji ya kumpikia nitatoa mimi."

Ujue kwetu huku juu maji yanafuatwa bondeni, asubuhi kushuka, mchana kupanda, mtungi kichwani. Mtu anayeahidi maji ana hakika hatadaiwa.

Ingekuwa mzaha tu ningecheka nami. Lakini maneno ya Severina yalikuwa yamemkaba rafiki yangu koo. Basil alimwoa Dominika, akaja kukaa kwa wakwe zake kama ilivyo desturi yetu, mume kumfuata mke. Miaka miwili alikuwa amelima shamba la mama mkwe wake, Bibiana, na miaka miwili alikuwa ameletewa chakula nje, chini ya upenu. Katika nyumba ile mkwe haingii kula mpaka mama mkwe mwenyewe amwite. Wala hawasemeshani. Neno linapitia kwa mtu wa tatu, na wakikutana njiani mkwe anatoka pembeni na kugeuza uso.

Bibiana alikuwa amekaribia kumwita. Ndipo Severina akamwambia kwamba samaki ni wa sokoni. Bibiana akasema mtu anayedanganya kwa samaki atadanganya kwa kila kitu. Kaka yake, mzee Vitalis, ambaye ndiye mjomba mwenye kauli juu ya Dominika, akamalizia: korosho zikianza kuanguka na Basil hajaitwa ndani, arudi kwao Masasi, peke yake. Ilikuwa mwisho wa Agosti, na mikorosho ilikuwa imeshatoa maua.

Jioni ile nilimweleza Basil yote, na lile la samaki hai pia. "Fundi, kesho utafunga cherehani," akasema. "Tunashuka wote, nipate shahidi."

Kulipopambazuka tulikuwa njiani. Yeye alibeba ndoana, mishipi na matumbo ya kuku kwenye jani la mgomba. Mimi nilipewa debe tupu.

"Debe la nini?"

"Nyumba ya kambale."

"Na akikosekana?"

"Utajaza maji uwapelekee wake zako."

"Ninaye mmoja."

"Basi atafurahi peke yake."

Ziwani Kitangari tuliazima mtumbwi kwa mzee mmoja anayeitwa Safari. Aliniangalia nilivyoingia, nimeng'ang'ania kingo zote mbili. "Unajua kuogelea?"

"Najua kushona, mzee."

"Basi kaa katikati."

Asubuhi nzima tulipata perege wanne, kila mmoja kama kiganja. Jua likapanda. Mimi siwezi kukaa kimya, kwa hiyo nilimpa Basil habari zote za Newala: nani ananunua kadi ya TANU kwa siri huku anamwamkia Bwana DC kwa heshima zote, na mke wa nani amemkuta mumewe kwa nani. Basil akasema samaki wana masikio. Nikamwambia basi wanakuja kusikiliza.

Mshipi ukasogea. Haukushtuka, ulienda pembeni taratibu kama mtu anayeondoka kwenye kikao bila kuaga. Basil akauachia, akauachia tena, halafu akavuta.

"Nishike," akasema.

"Wapi?"

"Popote."

Nilimshika kiunoni, kwenye kaptura niliyomshonea mwenyewe, nikaomba uzi wangu usinifedheheshe. Mtumbwi uligeuka wenyewe ukaelekea kwenye matete. Mshipi ulimkata Basil kidole, hakuuacha. Alivuta, akalegeza, akavuta, mpaka maji yakafunguka na kichwa kikatoka, kipana kama mfuniko wa sufuria, sharubu ndefu kuliko za karani wa kodi. Kambale. Tulipomwangusha ndani ya mtumbwi alikuwa na urefu wa mkono wangu kuanzia begani, na bado mkia unanizidi.

Basil hakupiga kelele. Alikaa chini akacheka bila sauti mpaka machozi yakamtoka. Kisha akasema, "Huyu hakaushwi."

Tulimtia kwenye debe la maji, kichwa chini, mkia nje. Perege tukamwachia Safari kwa ajili ya mtumbwi wake. Tukapitisha mti kwenye mkono wa debe, Basil mbele, mimi nyuma, tukaanza mlima. Kwenye njia ile hata mwenye mikono mitupu anahema. Akina mama waliotupita na mitungi hawakutuacha salama.

"Mwanangu ameoga Jumapili iliyopita, samaki wako anaoga leo."

"Mkimfikisha, mfundisheni kubeba maji."

Nami niliwajibu wote, ndiyo maana nilihema zaidi.

Tulipofika pale njia inapobana, upande mmoja jabali, upande mwingine mteremko mtupu, watu wawili wakatokea juu yetu na mitungi mitupu, wanashuka mara ya pili siku ile. Wa nyuma alikuwa Severina. Wa mbele alikuwa Bibiana.

Basil alifanya kile ambacho mkwe yeyote wa huku angefanya: alitoka njiani. Alisahau tu kwamba pale hakuna pembeni. Miguu ikateleza, akadaka kichaka, akabaki ananing'inia hatua tatu chini, mgongo kwa mama mkwe wake kwa adabu kamili. Mti ukamponyoka. Debe likapinduka. Maji yote yakanywewa na vumbi, na kambale akaangukia katikati ya njia, akaanza kutembea kwa mapezi yake kuelekea ukingoni.

Mimi nilikuwa nimekaa chini, mti umenilalia mapajani. Basil hawezi kukanyaga njia aliyosimama mama mkwe. Severina alikuwa ameshapanda juu ya jabali.

Bibiana akatua mtungi wake. Akavua kanga ya mabegani, akamtupia yule kambale, akamwangukia kwa mikono miwili.

"Lukmani," akaniambia, anahema, "mwambie huyo mtu wa kichakani samaki wake ananichoma."

"Basil, samaki wako anamchoma Mama."

"Lukmani, mwambie Mama amshike nyuma ya mapezi, amkandamize kichwa."

"Mama, mshike nyuma ya mapezi…"

"Nimesikia. Kwani mimi kiziwi?"

Akamshika alivyoambiwa. Kambale akatulia mikononi mwake, anafungua mdomo na kuufunga. Bibiana alimtazama muda mrefu, kisha akamgeukia jirani yake.

"Severina, shuka. Mguse."

"Naona kutoka hapa."

"Mguse uniambie kama ni mkavu."

Severina akashuka, akanyoosha kidole kimoja. Kambale akapiga mkia. Sitaeleza alivyoruka, maana ni mteja wangu.

"Ulisema maji ya kumpikia ni juu yako," nikamkumbusha. Alinitazama kama anayetaka kunirudishia gauni.

Bibiana hakushuka tena bondeni siku ile. Alimfunga kambale kwenye kanga, akamweka kichwani, akageuka nyumbani. Hakupita njia ya nyuma. Alipita katikati ya kijiji, mkia unaning'inia sikioni, na kila aliyeuliza alijibiwa, "Amevuliwa na mkwe wangu." Nyuma alifuata Severina, kisha mimi na debe, na mbali kidogo, kwa adabu, Basil mwenye magoti yaliyochunika. Tulipofika tulikuwa watu kama harusi.

Mzee Vitalis alimwamkua kambale kwa fimbo, kambale akaiuma. "Huyu hakutoka Masasi," akasema, akavuta kigoda.

Maji yalitoka kwa Severina, mtungi mzima, na alikaa papo hapo kuhakikisha hayapotei. Dominika alitwanga karanga huku anaimba, jambo ambalo sikuwa nimelisikia miaka miwili. Nyumba ilijaa, uani kukajaa, mimi nilisimulia ule mvutano wa ziwani mara nne, na kila mara mtumbwi ulikuwa mdogo zaidi.

Basil alikuwa amekaa mahali pake, chini ya upenu, anakunja mshipi. Harufu ya mchuzi ilipotoka, Bibiana akaja mlangoni, anafuta mikono.

"Lukmani," akaanza, "mwambie…"

Akanipita kwa macho, akamtazama mkwe wake.

"Basil, baba. Ingia ndani ule. Ugali unapoa."