Taa Yenye Uzi Mwekundu

Mimi ni fundi cherehani, na sisi mafundi tuna ugonjwa mmoja: hatuwezi kuacha kitu bila alama. Nguo ya mteja msumbufu naitia pini kwenye kola. Kitambaa chenye tobo nakichora chaki. Kwa hiyo wiki moja kabla ya mbio, nilipokuwa nashona upya mikanda ya taa zetu mbili za kichwani nikagundua kwamba moja inazimika ikitikiswa, niliitia mishono mitatu ya uzi mwekundu ili nikumbuke kuipeleka kwa fundi redio. Sikuipeleka. Na maana ya uzi ule nilikuwa naijua peke yangu.

Timu yetu ilikuwa ya watu wanne. Mwalimu, kapteni wetu, anafundisha hesabu na angeweza kutuhesabia hata pumzi. Muuguzi hukimbia kama aliyechelewa zamu. Kisha mimi. Wa nne alikuwa shemeji yangu, mume wa dada, kinyozi mwenye kitambi na maneno mengi, aliyeingia baada ya mwenzetu wa zamani kuhama. Mwaka uliotangulia tulikosa nafasi ya tatu kwa dakika mbili. Dakika mbili! Nilikaa na kinyongo mwaka mzima, halafu dada akanikabidhi mumewe.

"Mwangalie mume wangu," aliniambia. "Anajifanya kijana."

Ukipenda boga, penda na ua lake. Dada nampenda, basi nikalibeba na ua lenye kitambi.

Mbio zenyewe ni za kupokezana usiku kucha. Mmoja anapanda mlima, anazunguka bega lake, anateremka kwenye mawe mpaka kambini, anamvisha mwenzake mkanda wa namba, naye anaondoka. Kila mtu mizunguko miwili. Nilikuwa nimejipangia kimoyomoyo kwamba taa nzima ipokezwe kichwa kwa kichwa pamoja na mkanda, ile mbovu ikae benchini, na uvivu wangu usijulikane. Muuguzi alianza na ile nzima, nami nikaipokea ikiwa bado na joto la kichwa chake.

Nilikimbia vizuri kupita siku zote. Niliporudi kambini Mwalimu alipiga kelele kwamba tuko wa tatu, na Shemeji alikuwa kwenye kamba ya kupokezania anarukaruka, tumbo nalo likiruka kwa wakati wake. Hapo ndipo nilipotakiwa kuvua taa na kumpa. Lakini kitaa cha chaji kilikuwa kimeingia njano, na mimi nilikuwa na mzunguko mwingine kabla ya alfajiri. Nikawaza: huyu atatembea tu, na anayetembea haangukii mbali. Nikaenda benchini nikamletea ile nyingine.

"Loo, umenitilia na alama kabisa, shemeji?" alisema akiupapasa uzi. "Umenichagulia nzuri?"

"Ndiyo yako hiyo. Nenda, dakika zinakwisha."

Akacheka kwa furaha. Akatoa mfukoni tochi yake ndogo ya akiba, akaiweka benchini. "Basi hii ya nini? Itanipiga paja bure." Akaondoka.

Niliiona tochi ile. Nilikuwa na mdomo, na alikuwa bado hajafika hata kwenye mti wa kwanza. Sikumwita.

Mwalimu alikuwa amemkadiria saa moja na robo. Saa moja na robo ikapita. Saa moja na nusu ikapita. Simu ya Shemeji, aliyoniachia niitunze, ikalia mfukoni mwangu: dada.

"Amerudi?"

"Bado yuko mbioni. Kalale, dada."

"Yuko na wewe lakini?"

"Ndiyo," nikasema.

Wenzangu hawakuwa na wasiwasi. "Yule mzito tu," alisema Mwalimu, akifuta namba kwenye karatasi na kuandika nyingine. "Atakuwa amekaa kwenye jiwe anamsimulia mtu habari za ndevu. Na mkumbuke, mtu akipanda nje ya zamu yake, timu imefutwa."

Kuomba aokolewe kungenilazimu niseme kwa nini naogopa. Nilikaa kimya dakika ishirini na tano nikiitazama tochi kwenye benchi, na kibaya zaidi, nakiri, sehemu ya akili yangu ilikuwa bado inahesabu kama tunaweza kupata hata nafasi ya tano. Nikamwona dada akilini mwangu, amesimama mlangoni kwao ananisubiri nirudi naye. Nikasimama.

"Taa niliyompa ni mbovu," nikasema. "Nilijua."

Mwalimu alinitazama, na kwa mara ya kwanza hakuwa na hesabu. Muuguzi aliinyakua ile tochi akakimbilia hema la wasimamizi kuita msaada. Mimi nikavaa taa nzima nikapanda.

Nilimkuta chini kidogo ya bega la mlima, mahali ambapo njia ina bonde upande mmoja. Alikuwa anateremka kwa makalio, akipapasa jiwe kwa mguu kabla ya kujisogeza. Kiganja cha kulia kilikuwa kimechanika, kile cha mkasi, na alikuwa amekifunga kwa soksi. Mkanda wa namba alikuwa ameuvaa shingoni usipotee.

"Shemeji wangu!" alilia kwa furaha. "Nilijua utakuja! Taa imenizimikia kule juu. Usijilaumu, hata kizuri huharibika."

Ningeweza kuliacha hapo. Alikuwa amenipa mlango wa kutokea, na ameufungua mwenyewe.

"Haikuharibikia huko," nikasema. "Ilikuwa mbovu tangu nyumbani. Uzi ule ni alama ya ubovu."

Kinyozi yule, ambaye hunyoa kichwa kizima bila kufunga mdomo, akanyamaza mpaka nikausikia upepo.

"Geuza taa," alisema mwishowe. "Unaniumiza macho."

Nikageuza.

"Nipe hiyo."

Nikamvua yake, nikamvisha yangu kwa sababu mkono wake haukuweza. Akasimama taratibu akatangulia. Mimi nikafuata nyuma gizani na ile yenye uzi mwekundu mkononi. Kwenye kila jiwe kubwa alisimama, akageuka, akanimulikia mpaka nikapita, kisha akaendelea. Bora angenitukana.

Katikati ya njia tulikutana na wasimamizi na machela yao. Akakataa kulazwa. Kambini Mwalimu alikuwa amekwisha kunja karatasi yake, maana timu ilikuwa imefutwa. Muuguzi alipokuwa anaosha kile kiganja, simu ikalia tena. Shemeji akaomba aishikiwe sikioni.

"Niko salama, mama. Nimeteleza kidogo tu," alimwambia dada. "Mdogo wako alinifuata na taa. Haya, ongea naye."

"Asante, mdogo wangu," dada alisema. Alikuwa analia. "Nilijua utamwangalia."

Nilisema haya, haya, nikakata.

Mkono ulimchukua wiki sita kupona, na kidole kimoja bado hakikunji sawasawa. Dada hajaambiwa mpaka leo. Mumewe hajasema, nami kila nikienda kwao najiambia leo nitasema, halafu naletewa chai. Shemeji hana ubaya nami. Ananivutia kiti, ananiuliza kazi inakwendaje, watoto anawatuma waje kunisalimia. Lakini kwa miaka tisa, tangu siku ya posa, alikuwa akiniona tu anapaza sauti mtaa mzima usikie: "Shemeji! Shemeji wangu huyo!" Nilikuwa naona haya, namwambia apunguze.

Siku hizi ananifungulia mlango kwa upole.

"Karibu, Fundi," anasema, kama wateja wangu wote.