Pua ya Baba

Sifa zote za mvinyo wa familia ile zilikuwa za pua ya Baba. Wanunuzi walipanda kilima hadi ghalani, wakamtazama anavyoinama juu ya glasi na kufumba macho, kisha anasema, "Pipa hili tayari," au, "Hili halitoki," nao hawakubisha. Na pua ilihitajika kweli. Mvinyo wao hawakuutia kitu: si hamira, si sukari, si dawa ya kuuhifadhi. Zabibu zilichumwa kwa mkono kwenye matuta ya mteremkoni, zikakanyagwa, zikaachwa zichachuke zenyewe. Pipa likigeuka siki, basi tena, na likimfikia mteja jina la familia limekwisha.

Ila pua yenyewe ilikuwa ya Kitinda, binti yao wa mwisho. Baba hakunusa kitu. Miaka sita nyuma, alipopona homa kali, alimwita binti yake pembeni akamwambia pua imekufa, na asimwambie mtu, hata mama yake. Wakapatana ishara. Kitinda akishika sikio, pipa zima. Akikohoa, limeharibika. Tangu hapo akawa anasimama kando ya mzee, anashika sikio na kukohoa, huku mwenzake anamwagiwa sifa. Mtu alipouliza siri ya pua ile, Baba alijibu bila haya kwamba ni kipaji, wengine wamenyimwa. Siku hiyo Kitinda alitamani kummwagia glasi kichwani.

Alikuwa amechoka hadi kwenye mifupa. Hakujipaka manukato, vitunguu alivisahau, na mafua yakimshika yeye, Baba alikaa roho juu kana kwamba binti anakata roho. Ndipo mwenye duka la mikate mjini akamwahidi kazi na chumba juu ya duka. Huko akikosea kunusa, mtu atakula mkate ulioungua, na maisha yataendelea.

Alipanga kuondoka siku isiyo na mnunuzi. Lakini asubuhi hiyo, begi likiwa mkononi, gari la mnunuzi mkubwa kuliko wote likapanda kilima kabla ya siku yake, na Baba akaanza kumwita Kitinda ghalani. Uvumilivu ukamwishia. Alimwendea Mama jikoni akamwaga yote: homa, pua, ishara, duka la mikate.

Mama hakushtuka. Aliendelea kukausha mikono yake.

"Homa gani, mwanangu? Baba yako hajawahi kunusa kitu tangu anioe. Pua ilikuwa mimi. Ulipokua akakuchukua wewe, nami nikasema magoti yananiuma, siwezi ngazi."

"Kwa hiyo ulijua?"

"Nilijua. Nisamehe. Nilitaka kupumzika." Akavua aproni. "Nenda zako, basi la mjini lisikuache. Nitashuka mimi."

Akashuka ngazi za ghala bila hata kugusa ukuta.

Kitinda angeondoka saa ile ile. Hakujua amchukie nani kwanza. Lakini alitaka kuona, mara moja tu, akasimama juu mlangoni na begi lake. Mama alikuwa amesimama kando ya Baba, pale pale anaposimama yeye. Baba alimtazama mkewe, wala hakushangaa. Kwenye pipa la kwanza Mama alinusa, akashika sikio. Kumbe hata ishara alizodhani ni zao wawili zilikuwa za zamani.

Pipa la pili lilipofunguliwa, harufu ilimfikia Kitinda hadi mlangoni, nyembamba na kali, ile ya dawa ya kutolea rangi ya kucha. Pipa hilo lilikuwa limeharibika. Mama alinusa. Akanusa tena, akakunja uso. Kitinda akamwona anavyohangaika, akaelewa kwamba uzee umeichukua pua ile nayo. Mkono wa Mama ukaanza kupanda polepole, wa kubahatisha, ukagusa sikio.

"Hili ta…" Baba akaanza, na mnunuzi akanyoosha glasi yake.

Kitinda akakohoa.

Baba akasita. "Hili halitoki," akasema, na mnunuzi akatikisa kichwa kwa kuistaajabia pua ile. Mama aliushusha mkono wake. Hakugeuka kutazama juu.

Kitinda aliliweka begi nyuma ya mlango, akashuka ngazi, na Mama akampisha.