Moto Ukilala

Nyumba ile iliingiza majiko mawili katika mwezi mmoja. La kwanza lilikuwa la chuma, zito, lenye bomba refu la moshi, na wanaume wanne walilibeba kutoka nyumba ya zamani huku wakilitukana. La pili lilikuja kwa miguu yake, na cherehani na begi la nguo, maana kijana wa nyumba hiyo, fundi rangi, alikuwa ameutangazia mtaa mzima kwamba na yeye sasa kapata jiko. Mama yake alimtazama bibi harusi kutoka utosini hadi kisiginoni, akaamua palepale kwamba kati ya hayo mawili, lenye akili ni lile la chuma.

Alimwita Sindano. Mkwewe alikuwa fundi cherehani, mwembamba, na kwa hesabu za mama mkwe mtu wa namna hiyo hakosi kuchoma wenzake. Sindano hakuwahi kumchoma mtu. Akitukanwa aliinamisha kichwa akaendelea na kazi, na hilo lilimkera mama kuliko jambo lolote, kwani angejibu hata neno moja, mtu angepata pa kuanzia.

Siku ya kwanza kukabidhiwa jiko, Sindano aliyahamishia makaa kwenye ndoo, akalifagia jivu lote, akalisugua na tumbo la ndani likang'aa kama sufuria ya mgeni. Mama mkwe alisimama mlangoni, mikono kiunoni. Mtu yeyote aliyelelewa anajua kuni zinataka kitanda cha jivu chini yao, vinginevyo makaa hayakai. Kisha binti akayarudisha makaa, akajaza kuni zilizonyeshewa mvua, kimlango cha hewa amekisahau kimefungwa, na moshi ukarudi wote ndani. Akapiga magoti akaanza kupuliza kwa mdomo, machozi yanamtoka, masizi puani. Mama mkwe alivuta kigoda akakaa kumtazama. Miaka mingi hakuwa amefurahi hivyo.

"Mwanangu anasema kapata jiko," alimwambia jirani yao, muuza sabuni, jioni ile. "Kapata moshi."

Jiko la chuma lilikuwa kazi ya marehemu mumewe, mchomelea vyuma. Alilitengeneza kwa mikono yake, akaliwekea shingoni mwa bomba kifuniko chenye mpini, na maagizo yake yalikuwa maneno matatu tu: moto ukilala, funga. Kila jioni kabla ya kufunga aliweka kiganja juu ya chuma, akakiacha hapo kidogo. Mkewe alidhani analibembeleza. Wanaume wana mambo yao.

Alipofariki, mama aliapa kwamba moto wa mwisho aliouwasha mumewe hautazimika. Tangu hapo hakugusa kiberiti. Jioni aliyakusanya makaa, akayafukia kwa jivu, akafunga hewa chini na kifuniko juu. Moto ukawa umelala. Asubuhi aliufukua, akautilia vijiti vikavu, ukaamka. Hata siku ya kuhama, makaa yalisafiri kwenye ndoo ya bati miguuni pake, naye akamgombeza dereva kila penye shimo. Watu wanaokwaruza njiti kila asubuhi aliwaona ni watu wasio na kwao.

Lakini nyumba mpya ilikuja na balaa zake. Ilikuwa nyumba ya kisasa, dari imezibwa, madirisha ya vioo, na kitanda cha mama kilikuwa hukohuko jikoni nyuma ya pazia kwa sababu ya baridi ya viungo. Asubuhi za mwanzo aliamka kichwa kinagonga, tumbo limechafuka, akatapika kwenye beseni. Hakuhitaji daktari. Alijua ugonjwa wake unaitwa Sindano.

Kisha, asubuhi moja baada ya nyingine, akaanza kukuta jiko limepoa na kifuniko cha bomba kiko wazi. Makaa yalikuwa yameungua yakaisha. Ilibidi achukue koleo aende kwa muuza sabuni kuomba moto, yeye ambaye zamani ndiye aliyekuwa akiombwa. Muuza sabuni alimpa makaa mawili na tabasamu. Makaa yalizimika njiani, akarudi kuomba tena, na tabasamu likawa pana zaidi. Alitembea nalo moyoni siku nzima.

Sindano alikiri bila kuzunguka kwamba yeye ndiye anayefungua, mama akishalala. Mumewe akajaribu kumtetea. Alisema, kwa sauti ya mtu anayejua atashindwa, kwamba hewa ya makaa inaua, na kwamba baba aliposema ukilala alimaanisha ukizimika kabisa, kifuniko kilikuwa cha kuzuia mvua tu.

"Kilichozimika kimekufa," mama akamjibu. "Kilicholala huamka. Baba yako Kiswahili alikijua. Nani aliishi naye, mimi au huyo wako?"

Fundi rangi akachukua brashi zake akaenda kazini. Mama alimdharau na yeye pia, kwa wepesi wa kukata tamaa. Jioni ile alifukia makaa mengi kuliko kawaida, akafunga kifuniko, kisha akakizungushia waya mpini wake na kuukaza kwa koleo. Koleo lenyewe akaliweka chini ya mto, akalilalia. Akalala akicheka.

Aliamka mwepesi. Kichwa kilikuwa kitupu na kitulivu, na jikoni kulikuwa na baridi kali kwa sababu dirisha lilikuwa wazi lote. Waya ulikuwa palepale. Mlango wa jiko ulikuwa wazi, na ndani hamna kaa hata moja. Uani akakuta beseni la kufulia limejaa maji meusi, na moto wa mumewe umezama chini yake.

Aliingia chumba cha cherehani na maneno aliyoyatunza miezi yote. Sindano alikuwa amekaa mbele ya mashine bila kushona. Mkono wake wa kulia ulikuwa umefungwa kitambaa chenye maji, na vidole vilivyochungulia vilikuwa vimevimba, vyekundu, na malengelenge.

"Umeua moto wa mume wangu."

"Nimeua, Mama. Niliyazoa makaa kwa kifuniko cha sufuria. Koleo ulikuwa umelilalia."

"Nini kilichokuwasha?"

Sindano akanyanyua macho. Ilikuwa mara ya kwanza.

"Jiko likiamka na moto, wewe unaamka unatapika. Jiko likiamka baridi, unaamka unanitukana. Nimechagua matusi."

Mama mkwe akarudi jikoni akakaa kitandani, akaanza kuzipanga asubuhi zake kichwani. Asubuhi za makaa hai, beseni. Asubuhi za kwenda kwa muuza sabuni, alikwenda kwa miguu yenye nguvu na ulimi mzima. Akaikumbuka nyumba ya zamani, bati lake limeachana na ukuta kiasi cha kupitisha mkono, upepo unaingia na kutoka unavyotaka. Kisha akakumbuka kiganja cha mumewe juu ya chuma, kila jioni, kinatulia pale.

Hakuwa akilibembeleza jiko. Alikuwa anapima kama limepoa.

Mjinga mkubwa, alijiambia, na safari hii dharau ilipata mwenyewe. Alikuwa amelala na koleo chini ya kichwa kama mwizi, na binti wa watu akazoa makaa kwa kifuniko cha sufuria, kwa mkono uleule wa kushonea unaomlisha.

Akalitoa koleo, akajaribu kuufungua waya. Ukamkatalia, akaukata kwa hasira, akakisukuma kifuniko wazi hadi mwisho. Akamtengenezea Sindano kitambaa kipya cha maji baridi, akamfunga kwa mikono isiyozoea kuwa laini. Kisha akapiga magoti mbele ya jiko, akatandika jivu, akapanga vijiti vikavu juu yake, akafungua hewa. Alikaa hapo akiviangalia.

"Sindano," akaita bila kugeuka.

"Abee, Mama."

"Kiberiti kiko wapi?"