Weka Yule Mama

"Hiyo umeshaiosha, wifi. Ukiendelea kuisugua itatoboka."

Mkasi aliiweka sufuria chini, akajifuta mikono, akatazama kama kuna kingine cha kuosha. Hakikuwapo. Wifi yake alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni na sare yake ya unesi, ametoka zamu, hana haraka na mtu.

Jina la Mkasi alipewa kazini, kituo cha televisheni, ambako kazi yake ilikuwa kukata na kuunganisha picha za habari. Wengine walisema ni kwa ajili ya kazi, wengine kwa ajili ya ulimi wake. Nyumbani kwa kaka yake, alikokuwa akiishi, jina hilo walilipokea wakalifanya lao, hata mama yao alipopiga simu aliuliza, "Huyo Mkasi wenu amekula?"

Kutotulia huku kulimwanza tangu aamue kuomba nafasi ya shahada ya uzamili katika masomo ya filamu na vyombo vya habari. Aliomba vyuo vitatu. Kila kimoja kilitaka vyeti, maelezo binafsi, insha ndefu ya kuonyesha jinsi anavyoandika, na barua za watu wawili wanaomfahamu. Vyeti alikuwa navyo. Mwaka uliopita pia alikuwa navyo, na dirisha la maombi likafungwa akiwa bado anafuta sentensi ya kwanza.

"Kwani wanauliza nini kigumu hivyo?" kaka yake alimuuliza wakati wa chakula.

"Wanauliza kwa nini nataka kusoma filamu."

"Waambie unapenda."

"Kila mtu anapenda, kaka."

Kaka yake, fundi friji asiyependa maneno mengi mezani, alitafuna kwanza. "Sasa wewe kutwa unaangalia picha kazini. Ukirudi unaangalia picha hapa sebuleni. Watakufundisha kuangalia vipi tena? Kwa kisogo?"

Wifi akacheka mpaka akapaliwa. Mkasi naye alicheka, lakini swali lile alilala nalo na kuamka nalo.

Insha, angalau, ilikuwa imeanza kusimama. Ilihusu picha moja. Pale kituoni, kila moto ulipozuka mahali na wapiga picha wakachelewa kufika, mkuu wa chumba cha habari alikuwa akipita nyuma ya kiti chake na kusema, "Weka yule mama." Naye aliweka. Ilikuwa picha ya zamani, ya siku soko lilipoungua: mwanamke amepiga magoti kando ya barabara, kitambaa kimemwanguka mabegani, anainua uso na kulia, nyuma yake moshi mtupu. Ilikuwa fupi, unakohoa tu imeshapita. Lakini ilikuwa imetumika kwenye moto wa soko, wa bweni, wa kiwanda, mpaka ikawa kama saa ya ukutani, ipo tu, hakuna anayeitazama.

Mkasi aliandika juu ya hilo, jinsi machozi ya mtu yanavyogeuzwa pambo. Aliandika kwa hasira na hasira ikamsaidia. Kisha akafika kwenye sentensi iliyosema, "Mwanamke huyu, aliyepoteza mtoto wake," kalamu ikagoma. Nani alimwambia kwamba amepoteza mtoto? Maandishi ya chini ya picha ndiyo yaliyosema hivyo. Na hayo maandishi nani aliyaandika?

Kesho yake alimwendea mpiga picha mkongwe wa kituo, mtu mrefu, mwembamba, miguu kama vijiti vya kusimamishia kamera, ndiyo maana wakamwita Tripodi.

"Yule mama wa moto ulimpiga wewe?"

"Mimi."

"Alifiwa na mtoto kweli?"

Tripodi alikuna kidevu. "Mimi nilipiga, nikaleta kanda, nikaenda kulala. Kamuulize mwenyewe. Anashona nguo mtaa wa nyuma ya shule ya msingi."

"Unamjua?"

"Ndiye anayenishonea suruali. Kwa miguu hii, duka gani litanivika?"

"Miaka yote hii hujaniambia."

"Miaka yote hii umeniuliza?"

Alikwenda siku ileile, hata chai hakunywa. Chumba cha ushonaji kilikuwa kidogo, kina cherehani mbili na nguo zilizoning'inia mpaka karibu na taa. Mwanamke aliyekuwa kwenye cherehani ya mbele alikuwa amenenepa kidogo, ana miwani, lakini uso ulikuwa uleule. Mkasi alimwamkia, akajitambulisha, akataja na kituo anachofanyia kazi.

Mguu wa fundi uliacha kukanyaga. "Nyie," alisema. Hakupandisha sauti. "Mmekuja kuchukua nini tena?"

"Nimekuja kuuliza, mama. Siku ile ya moto..."

"Nilifiwa na mtoto. Si ndivyo mnavyosema?" Alimgeukia msichana wa sekondari aliyekuwa kwenye cherehani ya nyuma akitoboa matundu ya vifungo. "Marehemu, njoo umsalimie mgeni."

Msichana akainuka, akaamkia kwa adabu, na tabasamu la mtu aliyeuzoea utani huo hata kama hakuupenda.

Mkasi alikosa pa kuweka mikono. Fundi akamwonyesha kiti, na bila kuombwa mara mbili akaanza kueleza. Siku ile alimwacha binti yake kwa jirani aliyekuwa akiuza ndani ya soko. Aliposikia soko linawaka alikimbia pekupeku, akafika, akaita mpaka sauti ikakauka. Ndipo akamwona mtoto ng'ambo ya barabara, ameshikwa mkono na jirani, mzima wa afya. "Pale mnaponionyesha nimepiga magoti, nilikuwa nimeshamwona. Miguu iliniisha nguvu. Nilikuwa nashukuru."

Usiku huohuo taarifa ya habari ikatangaza kwamba amefiwa. Asubuhi ndugu za mume wakafika kutoka mbali, gari zima, wanalia tangu njiani. Baba mkwe alikuwa wa kwanza kuingia, akamkuta mjukuu anakunywa uji. Mzee wa watu akakaa chini palepale mlangoni, akashikwa na presha, wakamkimbiza hospitali. Akapona, lakini hakuwa tena mtu wa kutembea safari ndefu. Na haikuishia hapo. Kila mwaka, kila moto, picha ikirudi, kuna mtu atapiga simu kumpa pole. Shuleni binti akaitwa Marehemu na wenzake. Mwishowe wakaona walitumie jina hilo wao wenyewe nyumbani, ili lisiume.

"Mliwahi kwenda kituoni kulalamika?"

"Tulikwenda. Mlinzi getini akanipa pole."

Mkasi aliinuka, akakaa tena.

"Hiyo picha nzima ipo?" aliuliza fundi. "Maana mimi sijawahi kuiona zaidi ya hapo mnapokata."

Walichukua siku kadhaa, yeye na Tripodi, kupekua stoo ya kanda za zamani wakati wa mapumziko, wakipiga chafya kwa vumbi. Kanda ilipopatikana, mashine ya kuichezea ikawa haitaki. Kaka yake Mkasi, aliyesema yeye ni mtu wa friji tu, alikuja na bisibisi akaifungua, akaifuta, ikakubali. Wakasimama watatu mbele ya kioo kidogo. Mwanamke akapiga magoti, akainua uso, akalia. Hapo ndipo mkato ulipokuwa ukija siku zote. Safari hii picha haikukatwa. Kutoka kushoto akaingia mtoto, kiatu kimoja mguuni. Mama akamdaka, akamchapa kofi la matako, kisha akamkumbatia kwa nguvu mpaka mtoto akapiga mateke apate hewa.

"Mimi nilileta yote," Tripodi alisema taratibu, kama mtu anayejitetea ingawa hakuna aliyemshtaki.

Mkasi aliihamisha picha kwenye kompyuta yake, akaipeleka kwa fundi. Mama na binti waliitazama mabega yakigusana. Ilipokwisha, wakairudia.

"Ulinichapa," binti alisema.

"Ulikuwa na kiatu kimoja."

"Kulikuwa na moto, mama."

"Ndiyo, lakini viatu vilikuwa vipya."

Binti akamlalia begani. Kisha Mkasi akapiga moyo konde, akaeleza habari ya chuo na insha, akaomba ruhusa ya kuandika kisa chao. Fundi alivua miwani, akaifuta kwa pindo la gauni ambalo halikuwa lake.

"Andika. Ila picha usiwaonyeshe hao walimu wako. Hata hiyo nzima. Nimeshalia vya kutosha mbele za watu."

Wiki hiyohiyo ghala la magodoro likashika moto. Mkasi alikuwa kwenye kiti chake, taarifa ya saa moja inakaribia, na nyuma yake ikaja ile sauti. "Weka yule mama."

"Hakufiwa, mkuu. Mtoto yuko hai, anasoma sekondari. Kanda nzima ninayo."

Mkuu alikuwa mtu wa upole, mwenye mazoea ya kuzungumza huku akitazama simu. "Picha nzuri ile. Kila mtu anaielewa."

"Wanaielewa vibaya."

"Basi hayo kayaandike chuoni kwako." Akatelezesha kidole kwenye simu. "Hivi ile barua yako sijaituma bado, eh? Nilitaka niiandike vizuri."

Mkasi akageukia kioo chake. Barua ya pili ilikuwa ni ya mkuu. Ya kwanza, ya mwalimu wake wa shahada, ilikuwa imeshatumwa. Vidole vilitaka kubonyeza, vimezoea. Akavitoa kwenye kibodi akavikalia, kihalisi, kama mtoto anayekatazwa kugusa kitu. Halafu akaweka picha ya wazimamoto wakikunjua mpira wa maji, ndefu, isiyo na mvuto wowote, na taarifa ikaenda hewani hivyo.

Mkuu hakugomba. Alipita tu, akatingisha kichwa. Barua haikutumwa kesho, wala keshokutwa, wala siku dirisha lilipokaribia kufungwa. Mkasi hakumwuliza tena. Alizunguka nyumba, alipanga upya kabati la wifi, alipanga upya hata viatu vya kaka mpaka akafukuzwa.

"Ungeweka tu picha, ukaja kuitoa ukishapata barua," kaka yake alimwambia. "Sisemi ulikosea. Nasema tu ungeweza."

"Najua ningeweza. Ndiyo maana sikai chini."

Vyuo viwili vilitaka barua ya msimamizi wa kazi na si mwingine. Hivyo vikawa vimekwenda na maji. Cha tatu, kile alichokiomba mwisho kwa kujaza nafasi, kilikubali barua ya mfanyakazi mwenzake. Tripodi aliiandika kwa mkono, ikapigwa chapa na wifi. Ilikuwa fupi kama yeye alivyokuwa mrefu. Ilisema kwamba amefanya kazi na wahariri wengi wa picha, na huyu ndiye pekee aliyewahi kumuuliza nini kilitokea baada ya picha kukatwa.

Insha aliiandika upya mwanzo mpaka mwisho, amesimama, kompyuta juu ya friji, kwa sababu kila alipokaa alijikuta ameinuka. Ile hasira ya kwanza ilipungua, na mahali pake pakaingia uji, kiatu kimoja, na babu aliyekaa mlangoni. Akatuma.

Kusubiri kulimkondesha. Simu ikilia anaruka; ni mama, anauliza kama amekula. Hatimaye wakamwita kwa mahojiano ya mtandaoni. Walikuwa maprofesa wawili, mwanamke na mwanamume. Yule mwanamume alisema insha imemgusa, lakini imekaa vibaya: picha inaelezwa kurasa na kurasa, na msomaji haonyeshwi. Je, anaweza kuwatumia hiyo picha, hata kwa kuwaazima?

Mkasi aliona nafasi yake imesimama pale, imeshika kitasa cha mlango. "Hapana," alisema. "Mwenyewe amekataa."

"Sisi ni watafiti, si televisheni."

"Alisema hasa nyie, profesa. Walimu."

Yule mwanamke aliinamisha kichwa, mabega yakamtikisika. Kama anacheka au anakohoa, mtandao haukusaidia kujua. Wakamshukuru, kioo kikawa cheusi.

Baada ya hapo alijihesabu amekosa. Kazini alihamishiwa dawati la michezo, ambako hakuna anayelia isipokuwa washabiki. Moto mwingine ukatokea, na aliyekaa kwenye kiti chake akaweka yule mama, kama kawaida. Mkasi alimpigia fundi, aibu imemjaa.

"Nimeona," fundi alisema. "Shangazi wa mume wangu ameshapiga. Nimempa binti simu aongee naye mwenyewe."

Jibu la chuo lilikuja wakati amekwisha kuacha kulitazamia. Mwanzoni walikuwa wamemweka kwenye orodha ya akiba. Mwombaji mmoja akajitoa, kiti kikawa chake. Hakupiga kelele. Alishuka ngazi za kituo mpaka chini, akapanda tena mpaka juu, ndipo akampigia kaka yake. Kaka akasema, "Haya. Kaangalie picha."

Siku chache kabla ya kusafiri alikwenda kushonewa koti. Fundi alimsimamisha katikati ya chumba, utepe shingoni, pini mdomoni, binti akiandika vipimo.

"Tulia, nitakuchoma," fundi alisema kwa pembe ya mdomo.

"Nimetulia, mama."

"Hujatulia. Bega hili linapanda, hili linashuka. Ukishafika huko utakaaje darasani?"

"Sijui. Nitasimama nyuma."

"Basi nitalishona lipwaye kidogo," fundi alisema, akashusha utepe mpaka kwenye kifundo cha mkono. "Haya, nyoosha mkono. Mwingine. Sasa vuta pumzi, na usiitoe mpaka nikwambie."